ANGEFUGA KUKU MNGEMSIFU! NESI ANAYEPIGA KINANDA KAWAKOSEA NINI?

Wiki hii mjini stori ni moja tu. Staa mmoja mkubwa wa Bongofleva, jina kapuni, kaingia laivu usiku wa manane akiwa na wapambe wake. Mmoja kamuuliza kuhusu yule dogo aliyetunga kile kinanda cha mwanzo wa wimbo wake, kile ambacho siku hizi hata konda wa daladala anakipiga mluzi akihesabu chenji. Badala ya kusema asante, staa kacheka. Kasema yule si msanii, ni nesi. Ana mshahara kila mwezi, sasa anadai nini tena? Muziki awaachie wenyewe, yeye akachome sindano.

Wapambe wakaangua kicheko. Komenti zikajaa vikatuni vya kulia kwa kucheka. Watu elfu kadhaa wakaona ni utani mzuri kabla ya kulala.

Sio utani. Ni dharau, na nyuma ya dharau hiyo kuna biashara. Wanaocheka wengi hawajui kwamba kesho biashara hiyo hiyo itawatafuna wao.

HUYU NESI NI NANI?

Kwanza ajulikane, maana watu wanamjadili kama vile kaokotwa.

Ni kijana wa miaka 27, mtoto wa Nyanda za Juu Kusini. Hajawahi kukaa darasa la muziki hata siku moja. Parokiani kwao kulikuwa na kinanda kimoja na mwalimu mmoja wa kwaya, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kufundisha shule ya msingi. Mwalimu akahamishiwa wilaya nyingine. Kinanda kikabaki kimefunikwa kitambaa, Jumapili kwaya inaimba kavukavu. Dogo alikuwa na miaka 13. Akaomba ufunguo wa sakristia.

Alianza na kidole kimoja. Anatafuta sauti ya wimbo anaoujua, akikosea anarudi, akiipata anahamia wimbo mwingine. Mwalimu alikuwa ameacha makaratasi ya nota, zile za do, re, mi zinazotumiwa na kwaya nyingi hapa nchini, naye akajifunza kuzisoma kwa kulinganisha alichokiona na alichokisikia kwaya ikiimba. Mkono wa kulia ulikubali haraka. Wa kushoto ulikuwa kama mgeni kwenye harusi ya watu, umekaa tu haujui ushike nini. Ulimchukua karibu mwaka mzima.

Halafu akaingia kwenye ugonjwa wa wapiga kinanda wengi wa kujifunza wenyewe. Kila wimbo anaupiga kwenye ufunguo wa C, maana unatumia noti nyeupe tu. Kwaya ikitaka juu zaidi, anabonyeza kitufe kinachohamisha sauti, maisha yanaendelea. Siku moja kwenye harusi akapewa kinanda ambacho kitufe hicho kimekufa. Aliaibika mbele ya ukumbi mzima, waimbaji wako kwao na yeye yuko kwake. Kesho yake akajiwekea sheria: kila mwezi ufunguo mmoja, bila kitufe. Funguo ziko 12, kwa hiyo mwaka mmoja. Alimaliza.

Hiyo ndiyo shule yake. Hakuna cheti, ila masaa yapo.

Baadaye akasoma diploma ya uuguzi miaka mitatu, akaajiriwa, akaletwa Dar. Anaishi chumba kimoja cha kupanga, nyumba ina wapangaji saba na bomba moja. Kinanda chake alikinunua kimetumika, Kariakoo, cha funguo 61. Piano kamili ina 88, kwa hiyo akitunga kitu kirefu inabidi akikunje kiingie. Anapiga na hedifoni masikioni ili asigombane na majirani. Wapangaji wenzake wanachosikia ni tak-tak-tak ya plastiki tu. Kuna mama mmoja kwa muda mrefu alidhani dogo anachapa barua za ofisini.

Zamu ya usiku ikiisha anarudi asubuhi, analala hadi saa nane mchana, anaamka anapiga mpaka giza linapoingia. Akiwa zamu ya asubuhi anapiga usiku. Siku za mapumziko ni zote za kinanda. Mshahara unalipa kodi, unanunua umeme, unatuma kitu kwa mama. Ukibaki, unanunua waya au bando.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye anaambiwa hayuko siriasi.

ILE SAUTI ILITOKA WAPI?

Asubuhi moja alitoka zamu usingizi umegoma. Kapiga kitu kifupi, kama dakika moja hivi, mkono wa kushoto unazunguka pale pale na wa kulia unapanda taratibu kama mtu anayepandisha ngazi amechoka. Kakirekodi kwenye simu, kamtumia prodyuza anayefahamiana naye. Prodyuza kamwita studio siku ya mapumziko, kakipiga upya mara tatu, kapewa shilingi 30,000 ya nauli na soda. Kashukuru kaondoka.

Wimbo ukatoka. Uondoe ule mwanzo uone kinachobaki. Ngoma kama ngoma nyingine zilizotoka mwezi huo huo.

Kwenye maelezo ya video katajwa staa, kama kawaida. Katajwa prodyuza. Katajwa mwongozaji wa video, mpiga picha, mbunifu wa nguo, hadi dada aliyempaka staa poda katajwa na akaunti yake. Wote wamestahili, wamefanya kazi. Aliyetunga sauti ambayo mji mzima unaipiga mluzi? Hayupo.

Dogo kaomba vitu viwili. Jina lake liandikwe, na apewe asilimia kidogo ya kinachoingia. Kaomba kistaarabu, kwa ujumbe, bila kupeleka kwenye kurasa za udaku. Jibu ndilo lile la laivu.

TIMU MBILI, UONGO MMOJA

Mitandaoni watu wakagawanyika. Timu ya kwanza inasema kama kweli anapenda muziki, aache unesi aingie mzima mzima. Mguu mmoja huku mguu mwingine kule, atapasuka msamba. Timu ya pili inasema ana mshahara, atulie, kuna vijana hawana hata mia, hela ya muziki wapewe wao.

Ukizisikiliza haraka utadhani zinapingana. Hazipingani. Zote zinaamini kitu kimoja: kwamba njaa ndiyo leseni ya usanii. Timu ya kwanza inamtaka akaitafute njaa ili aaminike. Timu ya pili inasema kwa kuwa hana njaa, halipwi.

Wapi kwingine watu wanafikiri hivyo? Fundi seremala akikutengenezea kitanda, unamuuliza kwanza kama nyumbani kwake kuna unga ndipo umlipe? Mama lishe mwenye nyumba ya kupangisha, unakula wali wake bure kwa sababu anapata kodi? Kazi inalipwa kwa sababu imefanyika. Tumbo la aliyeifanya halihusiki.

Na kuhusu ile hoja ya kushika mambo mawili, mji huu mzima unaishi kwa mambo mawili. Mwalimu anauza vitenge ofisi ya walimu. Askari ana bodaboda mbili barabarani. Karani wa benki anasafirisha nguo kutoka Guangzhou. Manesi wenzake wana mabanda ya kuku, na tena kuku wanaamshwa nao alfajiri kabla ya zamu. Hakuna aliyewahi kuwaingilia laivu. Huyu angefuga kuku angesifiwa kwamba ni mjasiriamali, kijana wa kuigwa. Kafuga nyimbo, anachekwa.

TUJE KWA STAA MWENYEWE

Hapa ndipo unafiki unaponuka.

Staa huyu ana duka la nguo. Ni balozi wa bidhaa mbili, moja ya kunywa na moja ya kupaka. Ana mgahawa ambao wapambe wake wanakula kwa mkopo. Kuna mwezi anaonekana kwenye matangazo kuliko studio. Akifanya yeye inaitwa uwekezaji, inaitwa akili kubwa, vijana wanaambiwa waige. Nesi akiwa na kazi ya pili inaitwa kukosa kujitoa.

Tofauti ni nini? Ni kwamba mmoja alianza na jina akatafuta kazi nyingine, na mwenzake alianza na kazi anatafuta jina. Basi. Wote wawili wanaogopa kitu kimoja, kuamka siku moja hawana kitu mfukoni. Ila mmoja ana kipaza sauti cha kumcheka mwenzake.

HISTORIA INAWAUMBUA

Wanaosema mtu mwenye ajira hawezi kutunga kitu cha maana, waanze na wimbo wanaosimama nao uwanjani Taifa Stars ikicheza. Sauti ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa mwaka 1897 Afrika Kusini na Enoch Sontonga. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, na kwaya aliyoitungia nyimbo ilikuwa ya wanafunzi wake. Alikufa mwaka 1905 akiwa bado kijana. Leo sauti ya mwalimu yule ni wimbo wa taifa wa Tanzania, na imo ndani ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini. Kuna staa gani wa laivu atakayefika huko?

Njoo nyumbani. NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964 na leo inaitwa Msondo Ngoma, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa, mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Polisi Jazz walikuwa ni polisi kweli. Nyimbo ambazo baba zenu wanaziwekea mikono kifuani zilitungwa na watu waliokuwa na kazi. Siti binti Saad kabla hajawa Siti alikuwa akitembeza vyungu Zanzibar, anainadi biashara kwa sauti ile ile iliyokuja kurekodiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928.

Na nenda kanisa lolote Jumapili, muulize mtunzi wa wimbo mlioimba wakati wa sadaka Jumatatu yuko wapi. Utakuta ni mwalimu, mhasibu, daktari, mkulima. Wanatunga usiku, wanaandika nota kwa mkono, wanarudisha makaratasi kwenye mkoba wa kazi. Hakuna anayewaita wasanii wa jioni.

KWA NINI MSHAHARA UNAWAUMA?

Swali la msingi ndilo hili. Kwa nini mtu mwenye nyumba, gari na mgahawa aumizwe na mshahara wa nesi?

Jibu liko studio. Mpiga kinanda ambaye kodi yake inaisha kesho, ukimpa 30,000 ataichukua na atasema asante bosi. Ukimwambia jina litakaa wimbo ujao, atakubali. Ukimwita tena saa saba usiku, atakuja kwa miguu. Hana namna. Mwenye nyumba hapokei ahadi.

Mwenye mshahara anaweza kusema hapana. Anaweza kusema nionyeshe karatasi kwanza. Anaweza kurudi kwake akalala na kinanda chake, na mwisho wa mwezi bado akala. Hicho ndicho kinachouma. Wanaoendesha huu mchezo wamezoea vijana wenye njaa, na njaa ndiyo inayowapunguzia gharama. Kila nesi, fundi umeme au karani anayetunga nyimbo nzuri bila kuwategemea ni pengo kwenye hesabu zao.

Ndiyo maana na wale wahamasishaji wa mitandaoni wanaoimba kila asubuhi "acha kazi ufuate ndoto" waangaliwe kwa jicho la pili. Wanakwambia uruke. Hakuna hata mmoja atakayekulipia kodi ya miezi sita uliyodaiwa. Ukianguka, wana video nyingine tayari, inayosema hukuamini vya kutosha. Wapo walioacha kazi wakatoboa, ni kweli, na wapongezwe. Lakini hao ndio wanaoitwa kwenye mahojiano. Aliyeacha kazi na kuishia kuuza kinanda chake hajawahi kualikwa redioni.

SHERIA HAIJAULIZA KUHUSU MSHAHARA

Kwa wanaosema dogo anajipendekeza kwenye hela ya watu, wasome kidogo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuna COSOTA inayosimamia mambo hayo. Haki ya mtunzi inaanza pale kazi inapotungwa, na inaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kutajwa kama mtunzi ni haki pia, si hisani ya staa akiwa na mudi nzuri. Hakuna mahali sheria ile imesema haki hiyo ni ya wasio na ajira tu.

Kwa hiyo akidai jina lake haombi msaada. Anadai cha kwake.

LAKINI NAYE ANA KOSA LAKE

Tusimpambe sana. Nesi naye kazingua.

Kamtumia prodyuza sauti bila hata mstari mmoja wa maandishi. Kaingia studio hajauliza wimbo ni wa nani, mgawo ukoje, jina litakaa wapi. Kapokea 30,000 kimya kimya. Njaa hakuwa nayo, ila aibu alikuwa nayo. Alijiona mgeni pale, mtu asiye na cheti cha muziki kati ya wenye muziki wao, akaona hata kuitwa ni upendeleo. Aibu hiyo imewaliza wengi waliojifunza wenyewe. Wanajua kazi yao ni nzuri, lakini wanangoja mtu mwenye jina awaambie.

Na hii njia ya kazi mbili sio ya kusifia kama wimbo wa harusi. Inakula mtu. Kuna nyimbo zake kama ishirini kwenye simu, nyingi zina mwanzo na hazina mwisho. Kuna uhusiano ulivunjika kwa sababu siku ya mapumziko alikuwa na kinanda. Kuna siku alitoka studio alfajiri, akakaa kituoni akijiuliza kama anafaa kuingia wodini, akampigia mwenzake simu wabadilishane zamu. Toka siku hiyo hakanyagi studio usiku wa kuamkia zamu, hata aitwe na nani. Mgonjwa hakuandika jina kwenye wimbo, asilipie gharama yake.

Hata wakubwa iliwakuta. Alexander Borodin, Mrusi, alikuwa profesa wa kemia na anatunga muziki akipata nafasi. Opera yake Prince Igor aliianza mwaka 1869, akafa mwaka 1887 haijaisha, wenzake ndio wakaimalizia. Miaka 18! Muda haudanganyi. Ukiugawa, unapungua.

Ila angalia vizuri. Opera ile inapigwa hadi leo. Haijawahi kutokea mtu akatoka ukumbini kwa sababu mtunzi alikuwa na ajira.

MWISHO WA SIKU

Habari za uhakika ni kwamba baada ya ile laivu, watu wa staa wamemtafuta tena nesi. Kimya kimya, si hadharani. Wanataka mwanzo mwingine kama ule kwa ajili ya wimbo unaofuata. Yule wa kuchoma sindano, yule asiye msanii, wanamhitaji!

Safari hii kawajibu kwa mistari miwili. Wimbo wa kwanza urekebishwe jina likae, na wa pili uanze na mkataba wa maandishi. Hawajajibu. Siku zinapita na yeye anaingia zamu kama kawaida. Wakati huo huo kuna binti mmoja anayechipukia, hana menejimenti wala mpambe, kamfuata na wimbo wake. Wameandikiana karatasi moja ya daftari kabla hata kinanda hakijawashwa: nani katunga nini, nani anapata kiasi gani. Sahihi mbili na shahidi mmoja, yule mama mpangaji aliyedhani jamaa anachapa barua.

Karatasi ya daftari imeshinda menejimenti nzima yenye ofisi na kiyoyozi.

Kwa hiyo wewe unayepiga gitaa chumbani baada ya kufunga duka, wewe unayeandika mashairi kwenye mwendokasi ukitoka kibaruani, usikubali mtu akwambie wewe ni nusu msanii. Usiache kazi kwa sababu ya kicheko cha mtu aliyeshiba. Na usimpe mtu kazi yako bila karatasi kwa sababu tu amekuita bro.

Na nyie mliocheka usiku ule, kesho asubuhi mkijikuta mnapiga mluzi ule mwanzo wa wimbo, mkumbuke mnampigia mluzi nani.

Je, mdau, nesi yuko sahihi kukataa au karinga mapema? Dondosha maoni yako hapo chini. Povu ruksa, matusi hapana.